Mzee wa Darajani Hakusema Hivyo

Mimi siwezi kutazama filamu nikiwa nimefunga mdomo. Nisingizie nini? Ndivyo nilivyo. Mtu akishika kitasa cha mlango kwenye runinga, nimeshamsemea: "Haya, anaingia, na humo ndani kuna mjomba wake anamsubiri." Mke wangu alinivumilia miaka na miaka, mwisho akanunua runinga yake ndogo akaiweka chumbani. Kwenye klabu yetu ya filamu nako wamenitungia dawa. Filamu ikianza, mwenye saluni hunikabidhi fungu la nywele za kusukia nizichambue, eti mikono ikipata kazi mdomo utapumzika. Mikono inachambua, mdomo unaendelea.

Klabu ni neno kubwa, lakini ndivyo tunavyoiita. Tunakutana saluni, Rosettenville, hapa Johannesburg, kila Jumapili saa nane mchana, watu wakishatoka kanisani. Wanachama wa kudumu ni watatu. Wa kwanza ni mwenye saluni mwenyewe, mama wa Lubumbashi, mwenye sauti ya kuamuru na mkono mwepesi wa kusuka. Wa pili ni Mrundi mmoja, mlinzi wa jengo la wapangaji kule Doornfontein, mtu mtaratibu anayenyoosha suruali yake hata siku ya mapumziko. Wa tatu ni mimi, fundi cherehani, mzaliwa wa Kigoma, mwenye cherehani mbili katikati ya jiji, juu ya duka linalouza mablanketi kwa jumla. Wengine ni wateja ambao nywele zao zimefika nusu na hawawezi kuondoka. Hao wanapiga kura kama sisi.

Utaratibu ni huu: kila Jumapili mmoja wetu analeta filamu, tunatazama, halafu tunagombana. Kugombana ndiko kulikotuleta. Mwenye saluni ni mtu wa filamu mpya, na mimi ni wa zamani, tangu siku ya kwanza.

"Filamu zako za zamani, papa," huniambia, "mutu anapigwa risasi, badala afe, anatoa hotuba. Anasalimia mama yake, anasalimia bajirani, njo anakufa."

"Na zako mpya? Giza tupu! Watu wananong'ona saa mbili nzima, sijui nani kamwua nani. Zamani mtu akikasirika alipanda farasi. Siku hizi anaandika meseji. Hiyo nayo ni filamu?"

"Weye unasemaka sana. Njo maana haunasikia."

Mlinzi hana upande. Yeye anatazama mageti. Tumewahi kutazama filamu ya mapenzi iliyowaliza wateja wote, na tulipomwuliza maoni yake akasema, "Nyumba ya tajiri kama yule, geti liko wazi, hakuna hata mtu wa kuandika nani kaingia. Filamu iliniharibikia pale pale." Alikuwa anasema kweli kabisa, hakutania. Mwenye saluni alicheka mpaka akamchoma mteja sikio kwa pasi ya nywele, tukaanza kutafuta barafu.

Sasa kuna jambo sikuwa nimewaambia wenzangu. Nikiwa na miaka kumi na tisa, kabla sijajua kutunga uzi kwenye sindano, nilikuwa mtafsiri wa filamu katika banda la video pale Kigoma. Aliyekulia Tanzania anaelewa mara moja, lakini wengine niwaeleze. Banda la mabati, mabenchi, runinga moja, spika mbili. Filamu zilitoka China, zilitoka India, na pembeni ya runinga alikaa mtu mwenye kipaza sauti akiwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, wanaume, wanawake, watoto na mbwa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na jina la mbwembwe ambalo silitaji hapa, nina watoto wakubwa.

Kichina nilikuwa nakijua? Sikujua hata salamu! Nilitazama nyuso. Mtu akikunja ndita, nikamwekea matusi mdomoni. Akikaa kimya, nikampa mawazo. Mwenye banda aliniambia watu wamekuja kucheka na kulia, hawakuja kusahihisha mtihani. Akawa anairekodi sauti yangu juu ya filamu, kanda zikanakiliwa, zikasambaa mkoa mzima, zikaingia mpaka kwenye kambi za wakimbizi wa Burundi. Nilipohamia Joburg nikalifunga jambo hilo. Niliona aibu. Ulikuwa uongo, tena kwa spika.

Jumapili moja mjadala ulihusu maneno mazuri kuliko yote tuliyowahi kuyasikia kwenye filamu. Mwenye saluni alitaja ya kwake, ya mwanamke fulani anayemwacha mume wake kwenye lifti. Mimi nikataja ya kwangu. Zamu ya mlinzi ilipofika, akaweka kikombe cha chai chini.

"Kuna filamu moja ya Kichina," akasema. "Tuliitazama kambini mara nyingi sana. Kijana anafika kwenye daraja la kamba, milimani. Baba yake anamnyooshea mkono aende zake. Kijana anadhani anafukuzwa. Yule mzee anamwambia: Sikufukuzi, mwanangu. Nakutuma."

Nywele zilinidondoka mkononi. Maneno yale yalikuwa yangu.

Akaendelea. Alitusimulia kwamba akiwa na miaka kumi na saba baba yake alimfukuza kambini, asubuhi, mbele ya majirani wote. Alitembea, akapanda malori, akavuka mipaka, na njia nzima alikuwa akimchukia baba yake kwa moyo wote. Mpaka siku moja, akiwa amelala kituo cha malori Zambia, akamkumbuka mzee wa darajani. "Nikajiambia, kumbe labda hakunifukuza. Labda alinituma. Chuki ikapungua. Kila nilipokwama nikasema, mimi nimetumwa." Baba yake alirudi Burundi, na mwaka jana alifariki. Sasa ndugu walikuwa wanajiandaa kumaliza matanga, na yeye alikuwa anakwenda, mara ya kwanza tangu aondoke. Kaka zake mpaka leo humwita yule aliyefukuzwa. Alikuwa amekusudia kusimama mbele ya ukoo, ayaseme maneno yale, halafu yachongwe kwenye msalaba wa baba yake.

"Filamu nimeipata," akasema. "Nimeitafuta kwenye simu nikiwa zamu. Imesafishwa, ina maandishi ya Kiingereza chini. Jumapili ijayo ni zamu yangu. Nataka nimsikie yule mzee kwa mdomo wake mwenyewe, niyanakili sawasawa. Kwenye msalaba huwezi kukosea."

"Mzee wa hekima sana," mwenye saluni akasema, akitikisa kichwa.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilivimba kichwa. Dakika nzima nilikaa pale nikifurahia kuitwa mzee wa hekima. Halafu ndipo nikaelewa kinachokuja. Wiki ijayo mzee wa darajani atafungua mdomo, aseme alichosema kweli, na kitaandikwa chini kwa herufi nyeupe. Na huyu ndugu yangu ana safari.

Ningemwambia siku ile ile, yangeisha. Sikumwambia. Wiki nzima nilihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Jumatatu nikampigia simu, nikamwambia tuzipe nafasi filamu mpya, za zamani zimetuchosha. Akaniuliza kama naumwa. Jumatano nikampigia mwenye saluni, nikamsifia filamu zake za giza na kunong'ona. Akamwuliza mke wangu kama nimekwenda kupima sukari. Ijumaa nikasema maandishi yanaharibu picha, tuyazime. Mlinzi akajibu kwa upole, "Kaka, mimi nayataka hayo maandishi." Kila usiku nilijiambia nitamwambia kesho. Jumapili nikiwa kwenye teksi kuelekea Rosettenville nikaomba umeme ukatike, mimi ambaye umeme ukikatika hulaani mpaka majirani wanafunga madirisha. Haukukatika. Kila robot, yaani taa ya barabarani, tuliyoifikia ilikuwa inawaka, tena kijani.

Mlinzi alikuja amevaa suti. Suti, kutazama filamu! Alikuwa na daftari jipya na kalamu mbili, labda moja ingegoma. Mwenye saluni alikuwa na mteja mmoja, binti aliyesukwa nusu ya kichwa, akageuziwa kiti aione runinga. Nikapewa fungu langu la nywele.

Filamu ikaanza. Nilinyamaza. Mwenye saluni akanigeukia mara mbili kuhakikisha napumua.

Ajabu ni kwamba niliijua kila picha na sikujua chochote. Yule niliyemfanya mchawi alikuwa mpishi. Wale wawili niliowagombanisha kwa sababu ya mwanamke, kumbe walikuwa wanabishana kuhusu njia fupi ya kwenda sokoni. Mlinzi alikuwa anakunja uso kidogo kidogo. "Hapa kwenye ile ya kwetu ilikuwa tofauti," akasema. Baadaye kidogo akasema tena. Mimi nachambua nywele zilizokwisha kuchambuliwa.

Daraja likaja. Ukungu, kamba, mzee mwenye ndevu chache. Kijana anasimama. Mzee ananyoosha mkono, anafungua mdomo. Chini pakaandikwa kwa Kiingereza kwamba mvua inakuja, kamba zimeoza, pita upesi. Mzee akageuka akampa mgongo. Kijana akavuka. Basi.

Mlinzi akasimamisha picha, akarudisha nyuma. Mvua inakuja, kamba zimeoza. Akarudisha tena. Kamba zilikuwa zimeoza vile vile.

"Ngoja," mwenye saluni akasema. "Huyu haiko baba yake. Huyu iko mulinzi wa daraja. Angalia, ana na kibanda chake!" Akaangua kicheko. "Ndugu, mulinzi mwenzako!"

"Wamekosea," mlinzi akasema.

"Nani?"

"Hawa walioandika. Wametafsiri vibaya. Mimi nimeisikia kwa Kiswahili, tena si mara moja. Yule bwana wa kwenye kanda alikuwa anajua Kichina kama Mchina mwenyewe." Sauti yake ilikuwa imepanda, na mimi sijawahi kumsikia mtu yule akipandisha sauti. "Mtu anaandika vitu vya hovyo, watu wanavisoma dunia nzima, hakuna wa kumwuliza! Nitawaandikia. Lazima wasahihishe."

Mwenye saluni akaacha kucheka. Mlinzi akafungua daftari, akaanza kutafuta mahali pa kuandika malalamiko yake, na kalamu ya kwanza ikagoma kweli. Hapo sikuweza tena. Nikaweka nywele chini, nikakohoa, nikaitoa sauti ile niliyoiacha Kigoma, ya mzee, nzito ya kujilazimisha, inayotetemeka mwishoni.

"Sikufukuzi, mwanangu. Nakutuma."

Mlinzi aligeuka taratibu. Alinitazama mdomo, si macho.

"Sema tena."

Nikasema tena. Nikaongeza na majigambo niliyokuwa nafungulia kanda zangu, na lile jina la mbwembwe, lote. Binti mwenye nusu ya kichwa akacheka peke yake, akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

"Ni wewe," mlinzi akasema.

"Ni mimi, ndugu yangu. Nisamehe."

"Unajua Kichina?"

"Sijui."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa!" Akaketi kama aliyesukumwa. "Mimi nilikuwa na kumi na saba. Kumi na tisa! Nimevuka Zambia na Zimbabwe kwa ushauri wa mtoto mwenzangu!"

Mwenye saluni alijizuia, akashindwa, akaenda kuchekea nyuma ya pazia ambako tunachemshia maji. Hata mimi kicheko kilinipanda. Nilitaka sana na yeye acheke, ningetoa chochote acheke. Hakucheka. Alifunga daftari lake, akalipapasa jalada.

"Basi kaka zangu wanasema kweli," akasema. "Nilifukuzwa."

Nimeshonea watu nguo za harusi nikazikosea, nimewahi kukata kitambaa cha sare za kwaya nzima kwa vipimo vya watoto wa shule ya awali, lakini sijawahi kujiona mharibifu kama saa ile. Nikamwambia jambo ambalo hata mke wangu halijui. Kwamba maneno yale sikuyatoa kwa mzee yeyote. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliponiona nimeacha masomo nakaa bandani kuwadanganya watu kwa spika, aliniambia nisikanyage kwake. Nikawa nalala humo humo bandani, juu ya mabenchi. Siku tuliyorekodi filamu ya daraja, katikati, nikamwona amesimama mlangoni. Sijui alifuata nini. Picha ikafika kwenye mzee na kijana, nikatakiwa kusema kitu, na hicho ndicho kilichonitoka.

"Nilimwekea mzee wa watu maneno niliyotaka kuyasikia kwa baba yangu," nikasema. "Ndiyo hekima yote iliyokuwamo."

"Akafanya nini?"

"Alisikia. Kisha akageuka akaondoka. Hakulitaja mpaka amekufa, na mimi nikiwa huku."

Mwenye saluni alikuwa amerudi, amesimama na birika mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa kicheko au kwa nini, sikujua. Akavuta kiti akakaa mbele ya mlinzi, magoti kwa magoti, vile anavyokaa na mteja aliyekuja na habari mbaya za nyumbani.

"Achana na film," akamwambia. "Achana na huyu papa na midomo yake. Siku ile ya kweli, baba yako alikufukuza namna gani? Sema yote. Usiruke."

"Kuna nini cha kusema? Alianza kunigombeza kabla ya jua. Kwamba nimekuwa mkubwa, nakula bila kazi, kambi haina kitu, nitaozea pale kama yeye. Majirani wakatoka. Akanivuta mkono mpaka nje. Nikarudi kuchukua ndala zangu, akaninyang'anya akazirusha ndani. Akasema na hizo utafika wapi. Akavua viatu vyake akanitupia. Viatu vya ngozi. Akasema vaa, potea, nisikuone tena hapa. Nikavaa, nikaondoka. Vilikuwa vikubwa, nikajaza karatasi. Nilivivaa mpaka Lusaka ndipo soli ikaachia."

Alikuwa anasimulia upesi upesi, kama mtu anayesoma orodha ya waliopita getini. Mwenye saluni akaweka birika sakafuni.

"Na yeye alikuwa na ingine?"

"Ingine nini?"

"Viatu. Baba yako. Alibaki na viatu gani?"

Mlinzi akainua macho. Kwenye runinga yule mzee wa daraja alikuwa bado amesimama, ametupa mgongo.

"Hakuwa na vingine," akasema. "Vilikuwa hivyo hivyo. Alikuwa anavivaa kanisani tu." Akashika magoti yake kwa mikono yote miwili. "Aliniangalia naondoka akiwa peku. Mama wee. Miaka yote hii. Alikuwa peku kwenye matope."

Binti wa watu alianza kulia na nywele zake nusu. Mwenye saluni alimshika mlinzi mabega akayabana, kwa nguvu, kama anavyobana kichwa cha mteja asigeuke.

Baada ya muda mlinzi akachukua kalamu ya pili. Aliandika mstari mmoja, akausoma kimya, akaweka daftari mfukoni mwa koti la suti. Akanitazama, mara ya kwanza tangu nimwambie ukweli, na uso wake ulikuwa umelegea.

"Nitawaambia habari ya viatu," akasema. "Hiyo inatosha. Hayo maneno yako ya darajani nakurudishia, kaka. Wewe bado unayahitaji."

Nililia, tena kwa sauti, mbele ya watu wote, na sikuona haya.